Wageni Wasiopigiwa Vigelegele

Nilikuwa nimeapa kwamba sitamwita tena Placide kwa jina lake. Mtu akikuvunja moyo mbele ya baba yako, wajomba zako na jerikeni mbili za pombe, jina lake unamrudishia pamoja na pagne zake, vitenge alivyokununulia. Kwa hiyo alipoingia ofisini kwa mtawa wetu, Masœur Christine, asubuhi ile ya Jumanne, daftari kwapani na viatu vimejaa vumbi la Nyantende, nilijinyoosha kama mkaguzi wa shule nikasema, "Bonjour, Docteur."

"Bonjour, Olive," akajibu.

Sauti ilikuwa ileile. Nikageukia kalenda ya ukutani, nikasoma majina ya watakatifu wa mwezi wa saba mmoja baada ya mwingine. Mdomo ulikuwa umeapa, lakini moyo haukuwepo siku ya kiapo.

Tuelewane tangu mwanzo. Mimi nilikuwa mwalimu katika kituo kidogo cha watoto pale Nguba, mjini Bukavu, kituo cha Masœur Christine, chenye watoto wasiosikia, wasiotembea, na wengine kama mdogo wangu Nsimire. Nsimire alikuwa na miaka tisa. Anaona kila kitu, anasikia kila kitu, tena kupita kiasi, na maneno yake kwa siku unaweza kuyahesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Kelele humwumiza kama maji ya moto. Placide naye alikuwa mganga wa wanyama kule Nyantende, kwenye shamba walikowekwa wanyama waliookotwa wakati huu wa vita: sokwe yatima, tumbili, kasuku, kobe wawili na korongo mmoja mwenye taji na maringo.

Tulipendana miaka miwili. Mwezi wa pili mwaka huo, elfu mbili na tatu, ukoo wake ulikuja kwetu kujijulisha, na jerikeni mbili za kasiksi, pombe ya ndizi, kama desturi inavyotaka. Walipofika mlangoni shangazi zake walipiga vigelegele na makofi, kama inavyotakiwa. Nsimire akapiga yowe. Akaziba masikio, akaingia chini ya meza, akavuta kitambaa cha meza, na ile kasiksi ikamwagika yote kwenye viatu vya wajomba.

Hapo mama yake Placide, Maman Godelive, alisimama. Akasema, na kila mtu akasikia, "Placide, mu hii nyumba kuko kitu. Wajukuu wangu hawatatoka mu damu ya namna hii."

Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Lakini ulimi wa Maman Godelive haukuniumiza kama kimya cha mwanawe. Placide alisimama pale na kofia mkononi, akatazama sakafu, akamfuata mama yake nje. Baba yangu, Papa Venant, alifunga mlango nyuma yao akasema, "Ng'ombe zao wabaki nazo."

Miezi mitano ikapita. Sasa Masœur Christine, ambaye huwa hajui chochote lakini anajua yote, alikuwa ametuketisha meza moja, mimi na Placide, eti tupange matembezi. Familia sita zenye watoto waliokuwa wakifichwa majumbani zilikubali kwenda kuona wanyama. Zilikubali kwa shida. Kila mzazi aliniambia neno lilelile: tukitiwa haya tena mbele za watu, hatutoki tena.

"Masœur alisema nikuulize bitu yenye inasumbua batoto," Placide akaanza, akafungua daftari.

"Kelele. Njo ya kwanza."

"Kelele ya namna gani?"

"Yote. Groupe électrogène, ile mashini ya umeme, kengele, honi, makofi. Kuko mutoto moja, batu wakicheka pamoja, anafikiri nyumba iko naanguka."

Akaandika. Mwandiko wake mbaya niliujua, nilikuwa na barua zake kumi na nne kwenye sanduku.

"Sokwe ziko zinapiga makelele saa ya kula," akasema. "Donc mukuye saa tatu. Saa tatu zimekwisha kula, ziko zinajikuna tu. Groupe nitazima. Kengele ya mulango nitaifunga na kitambaa."

"Aganze, mutoto wa Papa Alphonse, hatembeake. Iko na kigari ya magurudumu."

"Njia yetu iko mawe tupu." Akafikiri kidogo, kalamu kwenye meno. "Nitapanga mbao, toka ku mulango mupaka ku sokwe."

"Njia ni mirefu, Docteur."

"Mbao iko mingi, Olive."

Nikarudi kwenye watakatifu wangu wa kalenda. Kisha nikamwambia habari ya mahali pa kupumzikia. Mtoto akizidiwa, akianza kulia, apate pa kwenda pasipo watu, penye giza kidogo, pasipo harufu ya wanyama. Akasema kuna depo ndogo ya nyasi kavu, ataisafisha, atatandika mikeka, atatundika pazia. Nikamwambia kwamba nitachora picha kwenye kadi ngumu za kushika mkononi, kila mtoto na zake: mlango, njia, kobe, ndege, sokwe, ndizi, gari la kurudi. Mtoto akijua kinachofuata, nusu ya hofu inaisha.

"Unichoree na miye," akasema.

"Wewe za nini?"

"Na miye nijue kitu yenye inafuata."

Nilitaka kucheka, nikakohoa. Akaniangalia kidogo, kisha akauliza polepole, "Na Nsimire? Yeye anapendaka nini?"

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo. Watu huuliza ana nini, au alilogwa na nani.

"Pagne," nikasema. "Mupya, yenye haiyafuliwa. Akiishika ku shavu, anatulia."

Akaiandika hiyo pia, tena akaipigia mstari. Kisha akafunga daftari.

"Olive, siku ile nilinyamaza."

"Nilisikia."

"Ulisikia nini?"

"Kunyamaza kwako. Nyumba muzima ilisikia."

"Niliogopa mama."

"Wewe? Wewe unaingia mu kizimba ya sokwe na mikono mitupu."

"Sokwe hakunizaa," akasema.

Kama asingesema kwa unyonge ule ningemjibu vibaya. "Docteur," nikasema, "tuandike ya choo. Batoto saba, choo ngapi?"

Tukaandika ya choo.

Nyumbani Papa Venant alinisubiri na gazeti la zamani ambalo hakuwa akilisoma. "Unaenda kuonyesha batoto banyama, ao unaenda kuonyesha ule kijana sura yako?"

"Niko naenda kazi, Papa."

"Ile nyumba ilisema damu yetu ni mbaya. Nsimire ataenda, juu hajatoka mu hii parcelle miezi tano, ata kwenda ku kituo. Lakini mutu moja akimudharau tena, ata kwa jicho, ule Placide usimutaje tena hapa mupaka kufa kwangu. Umesikia?"

Nilisikia. Na nilijua kwamba safari hii sikuwa nikipeleka watoto tu. Nilikuwa nakwenda kuona kama mwanamume niliyempenda anaweza kufungua mdomo.

Jumamosi tulipanda minibasi ya parokia, familia sita, mimi na Nsimire, na Masœur. Barabara ya Nyangezi ilikuwa imetulia wiki hizo, na kwenye kizuizi askari mmoja alichungulia ndani, akaona watoto wamefungwa vitambaa masikioni, akashusha kamba tupite. Vumbi la kiangazi liliingia kila mahali. Nsimire alikaa pembeni yangu, picha zake saba mapajani, akazipitia moja moja kama mzee anayesali rozari. Kila alipofika kwenye gari la kurudi alianza upya kwenye mlango.

Dereva alizima injini mita hamsini kabla ya kufika, kama tulivyopatana, tukajiachia kidogo kwenye mteremko. Ndipo nikaona mlango wa shamba, na waliosimama pale.

Walikuwa wanawake ishirini. Wamevaa pagne za aina moja, za buluu, mpya, zilizonyooka. Wamepanga mistari miwili kando ya mbao za Placide. Mmoja alikuwa na ngoma magotini, mikono tayari juu ya ngozi. Na mbele yao wote, mkono umeshafika mdomoni kwa kigelegele, alisimama Maman Godelive.

Hamtakosa kulielewa kosa lake kama ninyi ni watu wa kwetu. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Na mgeni kwetu hapokelewi kimya. Kumpokea mtu bila wimbo ni kumwambia umekosea nyumba. Placide alikuwa amemwambia mama yake kwamba Jumamosi wageni wanakuja kutoka mjini. Alisahau, au aliogopa, kumwambia jambo moja tu.

Papa Alphonse alishika kigari cha mwanawe. "Maman Olive," akaninong'oneza, "turudi."

Nsimire alikuwa ameinua macho kutoka kwenye picha. Kwenye picha yangu ya mlango hakukuwa na wanawake. Mabega yake yakaanza kupanda, na mimi nayajua mabega yale.

Hapo nikamwona Placide. Alitoka nyuma ya vizimba mbio, buti moja haijafungwa, akajitupa katikati ya ile mistari miwili, mikono ameitandaza mbele ya mama yake.

"Maman, hapana."

Hakupaza sauti. Lakini kulikuwa kimya, na ndani ya gari tulisikia kila neno.

"Hapana nini?" Maman Godelive akauliza. "Toka mu njia, bageni wamefika."

"Hakuna ngoma, Maman. Hakuna vigelegele. Ata makofi."

"Placide. Unanipatisha haya mbele ya ba-maman ya paroisse?"

"Haya ilikuwa ya siku ile, kwa Papa Venant. Ulisema neno mbaya juu ya mutoto ya batu, na miye nikanyamaza. Hiyo njo haya, na ni yangu. Leo sinyamazi. Mule mu gari kuko batoto yenye kelele inaumiza. Ukipiga ngoma, watarudi, na haki itakuwa yao."

Wanawake wakatazamana. Yule wa ngoma akaondoa mikono taratibu, kama mtu aliyegundua kwamba sufuria ni ya moto. "Toka nizaliwe sijapokea mugeni kimya," akanung'unika. "Ata ku matanga tunaimbaka."

Maman Godelive hakuwa akimsikiliza. Uso wake, ule uso wa mwanamke anayesoma somo la kwanza kanisani kila Jumapili, ulikuwa umelegea.

"Nilikuya juu yake," akasema, na sauti yake ikawa ndogo. "Juu ya Olive na ule mudogo wake. Toka mwezi ya pili wewe haukuli vizuri, haucheki. Nikasema nitaleta ba-maman wote, tuimbe kwa nguvu, asikie toka mbali kama kwetu bako nabapenda. Nilijua tu hiyo."

Nilikuwa nimeshika kitasa cha mlango. Miezi mitano nilikuwa nimemwandalia mwanamke yule maneno makali, nimeyapanga na kuyanoa, na sasa nikayaacha mlemle garini. Alikuwa amekuja kuomba msamaha kwa kitu pekee alichokijua, na kitu hicho ndicho kilichokuwa kinatuumiza.

Nikashuka. Nikatembea juu ya mbao, polepole, hadi mbele yake.

"Bonjour, Maman."

"Bonjour, mutoto wangu." Hakunitazama. "Sasa tubapokee namna gani? Kama batu wamekosea nyumba?"

"Kuko namna, Maman. Kwetu ku kituo, tuko na batoto hawasikie. Hawa, makofi haiwasaidie kitu. Donc wanapigaka makofi ya macho."

Nikainua mikono yote miwili juu ya kichwa, nikaitikisa vidole wazi, kama majani ya mgomba kwenye upepo mdogo.

Maman Godelive akaitazama. "Njo hiyo tu?"

"Njo hiyo."

"Kuinua mikono," akasema yule wa ngoma. "Toka vita ianze naiinua tu mbele ya basoda wenye bunduki. Leo quand même ni ya furaha." Akaweka ngoma chini, akainua ya kwake.

Mikono arobaini ikapanda. Nimeona mambo mengi Bukavu, mazuri na mengine nisiyotaka kuyakumbuka, lakini sijaona kitu kama wale wanawake wakitikisa vidole kimya asubuhi ile, vifua vimejaa nyimbo walizozizuia. Wawili walikuwa wanalia. Mmoja aliuma pembe ya pagne yake ili kigelegele kisimponyoke.

Wa kwanza kushuka alikuwa Aganze, baba yake akisukuma. Magurudumu yalipita juu ya mbao bila kukwama, na mtoto akainua mikono yake kuwajibu, kulia na kushoto, kama askofu. Wakafuata wengine. Mwisho akashuka Nsimire, picha kifuani.

Alisimama mwanzo wa mbao. Aliangalia mikono. Mabega yalikuwa bado juu. Nilitaka kumkimbilia, Masœur akanishika kiwiko. Placide alikuwa amepiga goti pembeni, hamwiti, hamtazami usoni, amempa nafasi tu kama anavyompa mnyama mgeni.

Nsimire akaanza kutembea. Alipita mwanamke wa kwanza, wa pili, wa tatu. Nikaona kwamba haangalii tena mikono, anaangalia pagne. Alipofika kwa Maman Godelive akasimama. Akanyoosha kidole, akagusa kitambaa. Kisha akakichukua kwa mikono miwili, akakiweka shavuni, akafumba macho. Mabega yakashuka.

Maman Godelive alibaki mikono juu, machozi yanamtiririka hadi kidevuni, asiweze kuyafuta.

"Olive," akanong'ona, "nishushe mikono?"

"Bado, Maman. Kidogo."

"Mabega iko naniuma."

"Vumilia, Maman."

Akavumilia. Mwanamke aliyekuwa hataki damu yetu alisimama juani kama mti, dakika baada ya dakika, mpaka Nsimire mwenyewe alipofumbua macho akatoa picha ya pili, ile ya njia. Kisha mdogo wangu akaendelea na safari, pindo la pagne bado mkononi, na Maman Godelive akavutwa nyuma yake akikanyaga kwa vidole.

Ninyi mlio na watoto wa kawaida hamjui asubuhi kama ile ni nini. Watoto walishika gamba la kobe. Korongo alipita mbele yao mara tatu, akijua kwamba anatazamwa. Sokwe walikuwa wameshiba, wanajikuna, na mmoja, jike aliyekuja Nyantende na risasi begani, alisogea kwenye waya akaketi akitazamana na Aganze, wote wawili wametulia. Nsimire aliingia depo ya nyasi mara moja, nyuma ya pazia, akakaa robo saa, akatoka mwenyewe. Hakuna aliyelia isipokuwa wazazi. Mama mmoja aliniambia kwamba ni mara ya kwanza tangu vita mwanawe kula mbele za watu. Tulikula bugali, mboga za lengalenga na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, chini ya paa la mabati, tukiongea kwa sauti za kanisani, na nilihisi kitu nilichokuwa nimekibeba tangu mwezi wa pili kikitua chini.

Saa ya kuondoka nilimwonyesha Nsimire picha ya mwisho, ya gari. Akaichukua, akaitia chini ya nyingine zote, akatoa ile ya mlango. Alitaka tuanze upya. Wazazi wakacheka na mikono midomoni.

Maman Godelive alinivuta pembeni, karibu na kobe.

"Neno langu ya siku ile," akasema, "nitaenda kuiondoa palepale niliisemea. Mbele ya papa yako. Miye mwenyewe, kwa miguu, bila shangazi wala kitu."

"Papa iko na kichwa nguvu, Maman."

"Na miye? Unafikiri yangu iko ya pamba?" Akanishika mkono. "Na hii pagne nitamupa mudogo wako. Lakini kwanza niende kubadilisha, siwezi kurudi Bukavu uchi."

Nilicheka kwa sauti ya juu mno, nikajiziba mdomo.

Tulipopanda minibasi, Placide alikuja dirishani kwangu. Buti bado haijafungwa. Alisubiri Masœur ageuke, naye Masœur akageuka haraka ajabu.

"Olive. Mwezi ya munane, nikikuya kwenu tena na wajomba. Tukikuya kimya. Papa atafungua?"

"Maman yako akifika kwanza, atafungua."

"Na wewe?"

Dereva akawasha injini. Nsimire alikuwa amelala begani kwangu na pindo la buluu ngumini, kwani Maman Godelive alikuwa amekwisha kubadilisha, na kumwamsha kwa maneno ya mapenzi ilikuwa mwiko. Gari likaanza kusogea. Placide akatembea sambamba nasi, kisha akakimbia kidogo.

"Placide," nikasema polepole, na jina lile lilinikaa vizuri mdomoni, kama halijawahi kutoka.

Kisha nikatoa mikono yote miwili nje ya dirisha, nikainua juu, nikatikisa vidole mpaka tukapinda kona. Alisimama katikati ya vumbi akiinua ya kwake. Na nyuma yake mama yake, katika gauni la kuazima, aliinua pia, ingawa mabega yalikuwa bado yanamwuma.